Bibi Harusi Mwenye Ndevu

Bibi harusi alikuwa na ndevu za siku tatu na tumbaku shavuni. Hollywood ya miaka hiyo ndivyo ilivyokuwa: nyota wa kike akitakiwa kuruka kutoka kwenye gari la farasi linalokimbia na kutua mgongoni mwa farasi, gauni huvalishwa mwanamume, na kamera huwekwa mbali ili asitambulike.

Siku hiyo mwanamume mwenyewe aligoma kuruka.

"Farasi hawa wana wazimu," alisema, akijibanza nyuma ya gari.

"Wana akili kukushinda," alijibu Verna, msichana aliyewatunza farasi hao na kuwafundisha. Kila alfajiri aliuruka mruko huohuo peke yake. Miaka miwili alikuwa akiomba kuuruka mbele ya kamera, na miaka miwili aliambiwa akabebe ndoo. "Vua gauni."

"Watakufukuza, dada."

"Wewe watakuzika. Vua!"

Wigi lilikuwa bado na joto na jasho la mwenzake, likamnata kwenye paji la uso kama unga uliokandwa. Gauni nalo lilishonwa kwa mabega ya dume, likampwaya; akalikaza kiunoni kwa kipande cha kamba, akapiga fundo mara mbili. Akapanda kitini, akashika hatamu.

Kule mbali mwongozaji aliinua kipaza sauti chake.

"Haya, mzee! Jana ulianguka kama gunia la viazi. Leo jitahidi basi, uruke kama mwanamke!"

Verna akatema mate pembeni, kama wafanyavyo wanaume, akawaachia farasi.