Mto wa Sufi

Nilikuwa nikishuka ngazi ya meli ya watalii niliyofanyia kazi, bandarini Mombasa, nikienda zangu likizo Msambweni, wakati mto niliokuwa nimeukwapatia uliponigonga mbavuni.

Mto wa sufi haugongi mtu.

Alinishonea mke wangu, Mwanafatuma, kwa uzi mwekundu. Melini wenzangu walinicheka nao, kwani wao wote walilalia sponji. Nikaugeuza. Upande mmoja uzi ulikuwa mweupe, na ndani mlikuwa na kitu kigumu kama tofali.

Heroini. Nilikuwa nimesikia habari za mabaharia waliobebeshwa bila kujua, wakaozea jela.

"Shuka basi, unatuchelewesha," alisema msimamizi wetu wa vyumba, nyuma yangu.

Niligeuka kumtazama, nikaona mkono wa koti lake jeusi.

Ningeweza kuutupa mto baharini. Badala yake niliteremka hadi ofisini kwa afisa wa forodha, msimamizi akinifuata nyuma, nikauweka mezani.

"Asalaam aleikum, afisa. Mto ni wangu, lakini mshono huu mweupe si wa mke wangu. Muulize bwana huyu."

Msimamizi alicheka. "Mimi na mto wake wapi na wapi? Hata kuugusa sijaugusa."

Nilimshika mkono kwa adabu, nikauinua mbele ya afisa. Penye vifungo vya koti palikuwa pamenasa sufi nyeupe, laini kama manyoya ya kifaranga.

"Mto bado haujapasuliwa, bosi," nikamwambia msimamizi. "Sufi hii umeitoa wapi?"

Afisa alifunga mlango kwanza, ndipo akachukua wembe.