Mwethya Nyumbani kwa Yvonne

Watu wa chama cha Kibuyu walifika wa kwanza, majembe begani. Watu wa Ngazi wakafuata muda si mrefu, na hakuna aliyerusha jiwe.

Yvonne aliwaona akiwa mlangoni. Nthiwa wa Kibuyu alisimama upande huu wa boma, Kaveke wa Ngazi upande ule, kama watu wasiojuana, ingawa mashamba yao yanapakana na wake zao ni dada. Hakuna aliyevaa fulana ya chama. Hilo pekee, hapa Matiliku, lilikuwa ajabu.

"Ni wapi?" Kaveke aliuliza.

Nthiwa hakumwangalia, lakini alijibu. "Pale kwa mpapai. Mzee Musyimi ameshaweka vigingi."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza kati yao tangu kampeni zianze.

Zamani kijiji kilikuwa na mwethya mmoja. Ukiwa na kazi iliyokushinda, uliita, na kila nyumba ikaleta jembe. Huo mwethya ndio ulioanza kuchimba shimo la tangi kando ya njia ya kanisa, ili akina mama waache kutembea hadi mtoni. Halafu mgombea wa Kibuyu akaahidi simiti, wa Ngazi akaahidi mabomba, na swali likawa tangi litaandikwa jina la nani. Kwenye grupu ya WhatsApp matusi yakaanza. Kibuyu ni wezi. Ngazi ni vibaraka. Hata kanisani wakagawana viti. Mwethya ukavunjika vipande viwili na shimo likabaki wazi. Hakuna upande uliotaka kulimaliza, na hakuna uliokubali wenzao walifukie.

Mvua ikaja, likajaa.

"Nendeni mkaone tangi la Nthiwa," watu wa Ngazi walicheka. "Limeshapata wapiga kura. Vyura!"

"Hao vyura ni wa Kaveke," wale wengine wakajibu. "Hawana kazi, ni kelele tu."

Siku hizo Yvonne alizunguka nyumba kwa nyumba, Muthama mgongoni, buti nyekundu za mtoto zikimgonga ubavuni. Kila wakipita pale shimoni, Muthama aligeuza shingo kusikiliza vyura. Yvonne aliwaomba watu wakutane siku moja tu, wamalize au wafukie. Alikuwa anasoma masomo ya jioni, na mwalimu alikuwa amewaambia kwamba demokrasia ni watu kukosana bila kuachana. Alilipenda neno hilo. Alilibeba kila mlango alioubisha.

"Mama Muthama," Kaveke alimjibu, "hiyo demokrasia ya darasa la jioni ni tamu kweli. Lakini kwanza mwambie Nthiwa aniombe msamaha."

Nthiwa naye: "Nikishika jembe na watu wa Ngazi, watu wangu wataniitaje? Msaliti. Ngoja uchaguzi upite, Mama Muthama. Shimo haliendi mahali."

Sasa walikuwa wamekuja.

Hema lilikuwa limesimama, viti vya plastiki vimepangwa, sufuria kubwa za kanisa ziko motoni. Simu ya Nthiwa ikalia. Mheshimiwa mmoja alikuwa tayari amefika mji wa Salama, anakuja kusema maneno mawili matatu. Nthiwa alisikiliza, akafunika simu kwa kiganja, akamwangalia Kaveke usoni.

"Hakuna siasa leo," Kaveke akasema.

"Mheshimiwa, hakuna siasa leo," Nthiwa akarudia kwenye simu, akakata.

Ndiyo maneno ambayo Yvonne alikuwa ameyatafuta nyumba kwa nyumba.

Wakachimba. Udongo ulikuwa mgumu juu, laini na mwekundu chini. Mtu wa Kibuyu akichoka, wa Ngazi alilichukua jembe kutoka mkononi mwake bila kuombwa.

"Kina kimetosha?" Kaveke aliuliza kutoka chini.

"Ongeza kidogo," Nthiwa akasema. "Mvua ya hapa unaijua."

"Na urefu?"

Mzee Musyimi, baba mkwe wake Yvonne, aliangalia vigingi vyake. "Huo huo. Usiongeze."

Kwa desturi ya mwethya, mwenye kazi ndiye hupika. Yvonne alienda jikoni akashika mwiko. Muthoki, mke wa Kaveke, akautoa mkononi mwake polepole.

"Wacha, Yvonne. Keti tu."

Yvonne akaenda nje, akaokota jembe lililokuwa limelala bila mtu. Nthiwa mwenyewe alikimbia kumpokonya.

"Hapana, Yvonne. Hii ni kazi yetu."

Siku nzima walimwita hivyo, Yvonne, Yvonne, kama msichana ambaye bado hajazaa.

Jua lilipoanza kuteremka, kazi ilikuwa imekwisha. Kaveke alitoka shimoni akivutwa mkono na Nthiwa. Walikung'uta suruali, wakanawa kwenye beseni moja, wakapeana taulo. Kisha wakatembea bega kwa bega hadi mlangoni, na mzee Musyimi akawafungulia.

Waliinama, kila mmoja akatafuta upande wake wa kushika. Lakini jeneza, na juu yake buti mbili nyekundu zenye matope ya shimo la njia ya kanisa, lilikuwa fupi mno kubebwa na watu wawili.