Sayari ya Mtoto wa Tumpale

Siku hizi mtoto hapewi jina mpaka wazazi wamtafutie sayari ya kuhamia ukubwani. Tumpale alikuwa mjamzito, na nyota waliyoipima kwa darubini yao ndogo iliyumba kidogo, kama inayovutwa na sayari. Ila sanduku la kuchambua mwanga, alilolibuni mumewe Ambokile, lilikuwa nyuma ya jiko walilochemshia maharage, na joto huvuruga vipimo.

"Isije ikawa tumegundua maharage," Tumpale alisema.

Basi wakazima jiko, wakaishi kwa mkate na ndizi mbivu huku wakipima upya, hadi asubuhi moja Ambokile alipotoka mbio.

"Mama, bado inayumba! Sayari ipo kweli!"

Tumpale alicheka mpaka akakaa chini. Moyo ulimtua; mwanawe angepata jina kama watoto wengine.

"Ni mbali?" akauliza, akifuta machozi ya kicheko.

"Wala! Akiondoka kijana, atafika na mvi. Lakini atafika."

Tumpale akaendelea kutabasamu, ila alilikumbatia tumbo kwa mikono miwili, kama abiria anayeng'ang'ania begi lake stendi wapiga debe wakilivuta.