Kioo cha Kipara

Cheni ya pikipiki ya Fundi ilikatika saa saba mchana, katikati ya mchanga usio na mwanzo wala mwisho. Fundi alipiga honi mpaka kidole kikamuuma. Marafiki zake watatu hawakusikia. Vumbi la pikipiki zao lilizidi kuwa dogo kule mbele.

Hakubabaika. Walikuwa na sheria yao: kila mmoja amtazame wa nyuma yake kwenye kioo, na asipomwona, ageuze. Fundi ndiye aliyekuwa wa mwisho siku zote, ili amkute njiani yeyote atakayeharibikiwa.

"Wewe ndiye mama yetu," Kipara, aliyekuwa akimtangulia, alipenda kumtania. "Mama hawaachi watoto nyuma."

Maji yote aliyabeba Kipara.

Fundi akafungua mfuko wa spana atafute kiungo cha cheni. Vidole vikagusa kitu laini kama yai.

Kilikuwa kioo cha pikipiki ya Kipara, kimoja tu kilichobaki. Asubuhi kilikuwa kinagongagonga kama kijiko kwenye kikombe, Fundi akakifungua kwa mkono wake mwenyewe ili akikaze. "Tukimaliza chai nakurudishia, ndugu yangu," alimwambia Kipara. Soga zikanoga, wakakisahau, wakaondoka.

Ndani ya kioo aliona midomo yake iliyopasuka, na nyuma yake jangwa tupu.

Akakielekeza kwenye jua. Akamulika, akamulika tena, akimlenga mgongoni yule ambaye kioo chake alikuwa amekishika yeye.