Wiki ya Pili ya Mahojiano

Siku hizi kiongozi akija kuhojiwa, mlango wa nyumba ya mwandishi hujifunga wenyewe, na haufunguki mpaka ajibu. Mheshimiwa Kasembe analala kwenye kochi letu wiki ya pili sasa. Mama ameshamfundisha kuosha vyombo.

"Nani aliamuru tingatinga liingie Magengeni?" namuuliza tena kwenye kipaza sauti cha redio. Swali hili nimelibeba tangu ujana, maana nyumba yetu ya huko ilivunjwa mdogo wangu akiwa amelala ndani. Wengine wamesahau. Mimi sisahau.

"Dada yangu, serikali ilifuata mchakato..."

"Mchakato hauna mikono, baba," Mama anamkatiza huku akimenya viazi. "Sema, ukale kwako."

Kasembe anaangalia masufuria, kisha mlango. "Ni mimi," anasema. "Na niliambiwa kuna watu ndani."

Mlango unafunguka! Majirani waliokuwa wakitusikiliza redioni wanapiga vigelegele mpaka mabati yanatikisika. Tumeshinda! Baada ya uongo wote ule, tumeshinda!

Kasembe anavaa viatu haraka haraka.

"Ngoja kidogo," Mama anasema kwa upole. "Mwanangu aliyelala ndani aliitwa nani?"

Kasembe anainama tena kwenye kamba za viatu. Taratibu, mlango unajifunga. Huko nje bado wanashangilia.