Mtaro wa Mama Sindano

“Usiimwage mbali hiyo ndoo,” Mama Sindano alimwambia kinyozi. “Mwaga hapa, mlangoni kwangu.”

Kinyozi aliyatazama maji aliyobeba. Yalikuwa yamefuliwa taulo za wiki nzima, yana povu, nywele na rangi isiyo na jina. “Una uhakika, mama?”

“Mwaga, bwana. Na nywele ulizofagia zilete pia.”

Akamwaga. Mama Sindano akarudi nyuma kidogo, akainamisha kichwa upande, kama anavyofanya akikagua gauni mwilini mwa mteja. Akaona dimbwi halijatosha, akamwita mwenye bucha.

Wifi yake, aliyekuwa akiishi naye, alisimama dirishani amejiziba pua kwa mtandio. “Wifi, watu watasema nini?”

“Waseme. Tena waseme kwa sauti, jiji lisikie.”

Msije mkadhani mwanamke huyu alikuwa mchafu au amerukwa na akili. Ni fundi cherehani, na chumba chake cha kushonea kiko chini kuliko barabara. Masika iliyopita maji yaliingia bila hodi, yakalibeba gauni la bibi harusi hadi uvunguni mwa meza, na bibi harusi mwenyewe akaja kulichukua siku hiyohiyo. Yaliyosemwa pale hayaandikiki. Mtaa haukuwa na mtaro, na mvua zilikuwa njiani tena. Mafuriko mengine ya namna ile, na Mama Sindano angefunga kazi.

Sasa mwenyekiti wa mtaa alikuwa ameleta habari. Watu wa jiji wanapita kutafuta mtaa wenye hali mbaya kuliko yote, wauingize kwenye mradi wa mitaro. Balaa ni kwamba kiangazi kilikuwa kimekausha kila kitu na mtaa ulipendeza. Ungemwambia mgeni kwamba hapa watu huvuka kwa kupandisha suruali, angekucheka. Ndipo Mama Sindano akakata shauri kuusaidia ukweli kidogo, na majirani wakamuunga mkono kwa moyo mmoja. Kuchafua hakuna aliyechelewa.

Wageni walifika wamevaa buti: afisa wa jiji, ambaye alikuwa mwanamama mwenye sauti ya upole, pamoja na mpiga picha mnene aliyekuwa akihema. Afisa alilitazama dimbwi, akawatazama nzi, akayatazama matumbo ya ng'ombe kutoka bucha. Uso ukamchangamka.

“Nimezunguka jiji zima,” alisema. “Hapa ndipo penyewe.”

Furaha ilimpanda Mama Sindano mpaka kooni, akaimeza.

“Mama, simama hapo kwenye tope,” mpiga picha akamwambia. “Kunja uso. Kidogo tena. Hapohapo.”

Kukunja uso hakukumpa taabu, harufu ilimsaidia. Picha ilipokwisha akachomoa ndala zake topeni. “Sasa tunasubiri mafundi?”

“Msisubiri chochote. Kazi inaanza na nyinyi,” afisa akasema. “Ondoeni uchafu wote huu. Tukirudi tuukute mtaa unang'aa.”

Walipoondoka, kinyozi akafafanua kwamba mafundi wa mitaro hawachimbi penye uchafu, ni sheria. Watu wakakubali, maana kinyozi hajawahi kukosa maelezo ya jambo lolote.

Safari hii wifi ndiye aliyeshika usukani. Alikuwa na hasira za siku nyingi, na zote zikaishia kwenye ufagio. Tope likazolewa, matumbo yakazikwa, mawe ya kando ya barabara yakapakwa chokaa. Kinyozi alioshewa mpaka kizingiti. Hata mwenye bucha alionekana ameshika brashi, jambo ambalo mkewe alitoka nje kulihakikisha.

Afisa aliporudi na mpiga picha wake, alipita polepole katikati ya barabara kavu akitikisa kichwa. “Hamjui mlivyonirahisishia kazi,” alisema, na kweli alionekana kuguswa.

“Mama, simama palepale,” mpiga picha akasema. “Sasa cheka.”

Mama Sindano akacheka mpaka jino la mwisho. Kwa nini asicheke?

“Na mafundi je?” akauliza.

“Anakuja mkubwa wa jiji mwenyewe,” afisa akamjibu. “Na utepe utakata wewe.”

Siku ya sherehe wingu lilikuwa limetanda. Turubai lilifungwa, viti vikapangwa, na kwenye kona ya mtaa yakachimbwa mashimo ya nguzo za kibao kikubwa kilichofunikwa kitambaa cha buluu. Kinyozi aliwatuliza waliokuwa wakinong'ona. “Hicho ni kibao cha mkandarasi. Huwezi kuanza kuchimba bila kibao.”

Mama Sindano alikuja na mkasi wake mwenyewe, amevaa gauni alilolishona kwa siku hiyo. Mkubwa wa jiji alihutubia kwa kirefu. Alisema jiji hili lina masikio, alisema kilio cha mwananchi hakipotei, akamwelekezea mkono Mama Sindano na kumwita mfano wa kuigwa. Mama Sindano akakiwaza chumba chake kikavu masika nzima, cherehani yake pale sakafuni, magauni ya watu yametundikwa salama. Machozi yakamtoka na hakuyaficha.

“Haya, wifi, kata,” wifi yake akamhimiza kwa nyuma.

Akakata. Kitambaa kikaanguka, umati ukapiga vigelegele kabla haujasoma. Kushoto alikuwa yeye, amekunja uso topeni, na juu yake neno KABLA. Kulia alikuwa yeye tena, anacheka barabarani, na juu yake neno BAADA. Chini, kwa herufi ndefu kama mtu, paliandikwa: MRADI WA MTARO UMEKAMILIKA.