Meza Inacheza

Fundi aliisukuma meza ya mashine kwa kiganja. Mota haikugeuka hata kidogo, lakini mshale wa saa ya kupimia msogeo wake ukaruka. Akaivuta. Ukaruka tena.

"Inacheza," alisema. "Kompyuta inaiambia isimame hapa, yenyewe inapitiliza. Mlikuwa mnatupa vipuri vingi?"

"Vingi," alijibu msimamizi wa karakana. Alikuwa mwanamke wa makamo, amesimama mikono mifukoni, kama hana habari.

"Mkamlaumu nani?"

"Opereta. Mzee mmoja, tulimwita Unywele. Kipuri kikizidi hata unywele mmoja, alikuwa anakikataa. Halafu vyake vikaanza kuzidi. Tukasema macho yamekwisha, mikono inatetemeka. Nikamwachisha kazi."

Alilisema hilo kama mtu anayetaja saa ya kufungua geti.

Fundi akaondoa vifuniko, akaichomoa skrubu ndefu inayoiendesha meza. Ncha zote mbili ziling'aa. Katikati, ambako meza hushinda ikienda na kurudi, palikuwa pameliwa, pamekuwa kijivu. Akaifungua nati yake. Gololi zikamwagikia kwenye trei, kavu, zimechubuka.

"Hizi hazijaonja mafuta siku nyingi." Akalifuata bomba jembamba kwa kidole mpaka pale lilipoziba. "Huyo mzee mmemwonea bure. Mambo ya mafuta anasimamia nani?"

"Mimi."

Fundi akainama kutafuta spana ambayo tayari ilikuwa mkononi mwake.

Alipomaliza kufunga skrubu mpya, aliisukuma tena meza. Mshale ukatulia tuli.

"Imepona. Sasa mwiteni Unywele arudi, aje awacheke."

"Hawezi kurudi."

Fundi akavua kofia. "Pole, dada. Hawa wazee ukiwaondoa kazini, huwa hawakai sana."

"Ahsante," alisema msimamizi, akampa mkono, akamsindikiza hadi mlangoni. Akarudi kunawa, ingawa hakuwa ameshika kitu. Alitoka kwa miguu. Njiani aliutafuta uchungu, hakuupata. Alihisi tu begani mkanda wa mkoba, na viatu vinavyobana.

Nyumbani mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Unywele alikuwa amekaa kwenye kigoda, anamenya viazi, maganda membamba kama karatasi.

"Umechelewa, mwanangu."

Alibaki amesimama kizingitini. "Baba, mashine ndiyo ilikuwa mbovu. Si wewe."

"Najua." Mzee hakuinua macho. "Nilipoliona lile bomba, skrubu ilikuwa imeshaliwa. Mmoja wetu ilibidi atoke, na mwenye watoto wadogo ni wewe."